Jino lako, rangi yako na kadi ya Medicaid: maswali ya wasemaji wa Kiswahili walioko Marekani

Maswali haya yametoka kwa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani: Wakongomani na Warundi waliokuja kama wakimbizi, Watanzania na Wakenya waliokuja kusoma au kufanya kazi, pamoja na watoto wao. Mengi huulizwa kwa sauti ya chini baada ya miadi, mtu akiwa bado ameuma pamba. Anayejibu ni mkalimani wa kliniki, si daktari. Ukiwa na homa na uso umevimba, acha kusoma, nenda ukaonwe leo hii.

Ni kweli daktari wa meno anaweza kunitibu tofauti kwa sababu mimi ni mweusi?

Ndiyo, na mara nyingi mwenyewe hajui kwamba anafanya hivyo. Usitarajie kutukanwa. Wengi watakaokuhudumia ni wachangamfu, watakuuliza umetoka nchi gani na watasifia kitenge chako. Tofauti huja pale anapoamua jino liokolewe au ling'olewe.

Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio walilowafanyia madaktari wa meno. Waliwapa habari za mgonjwa mwenye jino lililoharibika, linalouma, lakini ambalo bado linaweza kuokolewa. Ugonjwa ulikuwa ule ule na eksirei ile ile. Kilichobadilika ni sura tu, wengine wakionyeshwa mgonjwa mweupe na wengine mweusi. Mweupe alipendekezewa zaidi kutibiwa mzizi wa jino. Mweusi alipendekezewa zaidi kung'olewa.

Kuna na suala la maumivu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia wa mwaka 2016 ulikuta kwamba karibu nusu ya wanafunzi wa udaktari na madaktari vijana weupe walioulizwa waliamini angalau jambo moja la uongo kuhusu miili ya watu weusi, kwa mfano kwamba ngozi yetu ni nene zaidi. Walioamini mambo hayo walikadiria maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo. Kwa hiyo ganzi isipokolea, sema. Wengi wetu tumelelewa kunyamaza mbele ya daktari, na kwenye kiti kile ukimya wako utahesabiwa kuwa huumwi.

Mbona kila nikienda wananing'oa tu? Kwa nini hawazibi?

Hili linaulizwa kuliko yote. Jibu fupi ni kwamba kung'oa kunalipiwa, kuokoa hakulipiwi.

Medicaid ni bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo. Mtoto mwenye kadi hiyo, hadi afikishe miaka 21, ana haki ya kutibiwa meno katika jimbo lolote. Akivuka umri huo mambo yanageuka: sheria ya taifa inayaachia majimbo yaamue kama yatawalipia watu wazima meno, na kwa kiasi gani. Ndiyo maana binamu yako aliyeko jimbo jingine anazibiwa na kusafishwa meno, nawe mwenye kadi ya jina lile lile unaambiwa hulipiwi kitu. Tennessee ilianza kuwalipia watu wazima wa Medicaid meno Januari 2023 tu. Alabama bado haiwalipii, isipokuwa wajawazito. Majimbo mengine hulipia "dharura" peke yake, na tiba ya dharura kwa lugha yao ni koleo.

Sasa tazama hesabu anayowekewa mgonjwa mezani. Kutibu mizizi ya gego na kulivika kofia kunaweza kupita dola 2,000. Kung'oa ni mia kadhaa, au bure kama kadi inalipia. Anaulizwa anataka lipi, anasema ng'oa, na kwenye faili inaandikwa kwamba mgonjwa amechagua. Nimeshatafsiri mazungumzo hayo mara nyingi, na bado neno "chagua" linanikera kila nikilitamka.

Rangi inaingiaje hapo? Weusi, Walatino na wenyeji asili wa Marekani wanategemea Medicaid kwa sehemu kubwa zaidi kuliko weupe, kwa hiyo jimbo likipunguza malipo ya meno, kisu hakihitaji kutaja kabila. Maskini weupe wa milima ya West Virginia nao wameishiwa meno kwa sheria hizi hizi, na hilo lisemwe. Lakini ukijumlisha kadi isiyolipia na daktari ambaye tayari ameelekea kung'oa akiona uso mweusi, utaelewa kwa nini kuna watu wazima wa miaka 40 wanaotafunia upande mmoja.

Kabla hujasaini, uliza maswali mawili: "Jino hili linaweza kuokolewa?" na "Kama pesa isingekuwa tatizo, ungefanya nini?" Omba jibu liandikwe kwenye faili lako. Mara nyingine jibu huwa ni kwamba linaweza kuzibwa kwa muda huku ukitafuta kliniki ya bei nafuu, jambo ambalo hukuambiwa mwanzo.

Kwa nini meno yana bima yake peke yake, kana kwamba hayamo mwilini?

Historia. Chuo cha kwanza cha udaktari wa meno kilianzishwa Baltimore mwaka 1840, nje ya vyuo vya udaktari, na tangu hapo fani hizi mbili zimekaa nyumba tofauti, kila moja na shule zake, chama chake na njia yake ya kulipwa. Medicare, bima ya wazee, ilipoanzishwa mwaka 1965 iliacha nje karibu matibabu yote ya meno. Ukienda chumba cha dharura cha hospitali na jipu la jino, kwa kawaida utapewa antibayotiki na dawa ya maumivu kisha uambiwe umwone daktari wa meno, yule yule uliyemkosa. Takriban safari milioni 2 kwa mwaka nchini humo zinaishia hivyo.

Matokeo yake yalionekana wazi Maryland, jimbo lile lile la Baltimore, Februari 2007. Mvulana mweusi wa miaka 12 alikufa baada ya usaha wa jino kupanda hadi kwenye ubongo. Medicaid ya familia yake ilikuwa imekatika, na mama yake alikuwa bado anahangaika kumtafutia daktari ndugu wa mvulana huyo, mwenye meno mabovu zaidi. Kung'oa jino lile kungegharimu kama dola 80. Operesheni mbili za ubongo na wiki zaidi ya sita hospitalini ziligharimu karibu dola 250,000. Kifo hicho kilijadiliwa bungeni, Maryland ikarekebisha mpango wake, na mwaka 2009 bima ya watoto ya CHIP ikalazimishwa kulipia meno nchi nzima. Watu wazima hawakuguswa.

Nimetafuta daktari mweusi wa meno nimekosa. Wako wapi?

Wachache. Kati ya madaktari wa meno wote wa Marekani, weusi hawafiki asilimia 4, ilhali katika idadi ya watu ni kama asilimia 13.

Si kwamba walichelewa kuanza. Robert Tanner Freeman, ambaye wazazi wake waliwahi kuwa watumwa, alihitimu Harvard mwaka 1869 katika darasa la kwanza kabisa la shule yake ya meno. Ida Gray alihitimu Michigan mwaka 1890, mwanamke mweusi wa kwanza nchini kupata shahada hiyo. Ila milango ilikuwa michache: kwa miongo mingi wengi walipitia vyuo viwili tu, Howard kilichoanza kufundisha meno mwaka 1881 na Meharry mwaka 1886.

Ukimaliza chuo unakutana na chama. Chama kikuu cha madaktari wa meno, ADA, kilipokea wanachama kupitia vyama vya majimbo, na vya Kusini havikuwataka weusi. Mtu anaweza kusema chama ni chama tu, anzisha chako, na kweli walianzisha chao mwaka 1913. Lakini North Carolina chama cha weupe ndicho kilichowachagua wajumbe wa bodi ya serikali inayotoa leseni. Mweusi alitawaliwa na bodi asiyoruhusiwa kuipigia kura. Daktari Reginald Hawkins wa Charlotte alikishtaki chama hicho. Nyumba yake ilitegwa bomu mwaka 1965 kwa sababu ya harakati zake, na mwaka 1966 mahakama ya rufaa ilimpa ushindi. ADA iliomba radhi mwaka 2010, chini ya rais wake wa kwanza mweusi.

Siku hizi kizuizi ni ada. Mhitimu wa kawaida anatoka na deni la karibu dola 300,000, na mwenye deni hilo hakimbilii kufungua kliniki kwenye mtaa wa watu wa Medicaid.

Eti kesi iliyovunja ubaguzi katika hospitali za Marekani ilianza na jino?

Ilianza na jino kweli, na inashangaza kwamba haifundishwi zaidi.

Mwaka 1962 daktari mweusi wa meno, George Simkins, alikuwa na kliniki Greensboro, North Carolina. Alikuja mgonjwa mweusi mwenye taya lililovimba na homa, gego la mwisho limetunga usaha, anahitaji kulazwa. Hospitali ya weusi ilikuwa imejaa. Mjini kulikuwa na hospitali nyingine mbili, Moses Cone na Wesley Long, zote zimejengwa au kupanuliwa kwa msaada wa fedha za serikali kuu. Wesley Long haikupokea weusi kabisa. Cone ilipokea wachache kwa masharti, na haikumruhusu daktari mweusi kutibu ndani yake.

Hapo ndipo palipokuwa na uchafu wa kisheria. Sheria ya ujenzi wa hospitali ya mwaka 1946 iliruhusu kwa maandishi fedha ya umma kujenga hospitali zilizotengwa kwa rangi, mradi ziwe "sawa". Simkins hakuwa mgeni wa mapambano. Mwaka 1955 alikamatwa kwa kucheza gofu kwenye uwanja wa weupe. Aliwakusanya madaktari wenzake na wagonjwa, wakashtaki. Wakashindwa mwanzoni, wakakata rufaa, na Novemba 1963 mahakama ya rufaa ikakifuta kifungu hicho kwa kura tatu dhidi ya mbili. Machi 1964 Mahakama ya Juu ya nchi ilikataa kuusikiliza ubishi wa hospitali, kwa hiyo hukumu ikasimama. Miezi michache baadaye ikapita Sheria ya Haki za Kiraia, ambayo sehemu yake ya sita inakataza anayepokea fedha ya serikali kuu kubagua kwa rangi au asili ya taifa. Haki yako ya mkalimani, tutakayoifikia chini, inatokana na hapo.

Mzee wetu anasema mtu mweusi ana meno imara kwa asili. Kweli?

Hapana. Kilichokuwa imara kwa babu ni chakula kisicho na sukari. Watoto wakishazoea soda na juisi za chupa, meno yao yanaoza sawa na ya yeyote.

Habari ya George Washington kuvaa meno ya watumwa ni uzushi wa mtandaoni?

Uzushi ni kwamba alivaa meno ya mbao. Daftari la hesabu za shamba lake la mwaka 1784 linaonyesha malipo kwa "Negroes" kwa meno tisa, pauni 6 na shilingi 2, na meno ya binadamu yalitumika kwenye meno ya bandia ya zama zile. Walilipwa, ndiyo, lakini walikuwa mali yake, kukataa hakukuwepo.

Daktari ameniambia fizi zangu ni nyeusi na zinahitaji matibabu. Nifanye nini?

Fizi nyeusi au za kahawia zilizokaa hivyo tangu utotoni ni rangi ya mwili, kama ya ngozi. Hazina ugonjwa. Vitabu vingi vya mafunzo vina picha za fizi za waridi, na aliyesomea hivyo anaweza kushtuka. Ugonjwa wa fizi una dalili nyingine: damu ukipiga mswaki, uvimbe, harufu, meno kulegea. Doa jipya jeusi sehemu moja tu, hilo lichunguzwe. Anayekuuzia huduma ya kuzichuna ili ziwe za waridi anakuuzia urembo, na una hiari ya kukataa.

Meno yangu yana madoa ya kahawia tangu utoto na hapa wanadhani sipigi mswaki.

Waambie umekulia wapi. Maji ya Bonde la Ufa, kuanzia Nakuru hadi Arusha na miteremko ya Meru, yana floraidi nyingi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Kadhalika maeneo ya Goma yaliyo chini ya volkano ya Nyiragongo. Floraidi nyingi wakati meno yanajengeka hubadilisha gamba lake, na hakuna mswaki utakaoondoa. Si uchafu wala si uzembe wa mama yako. Marekani nayo huongeza floraidi kwenye maji, tangu Grand Rapids mwaka 1945, lakini kwa kipimo kidogo kinachokinga. Utah na Florida ziliacha mwaka 2025, na watakaoumia kwanza ni wale ambao maji ya bomba ndiyo tiba pekee ya meno waliyokuwa nayo.

Nina meno yaliyochongwa (mwingine: niling'olewa ya chini kwa mila). Wananitazama kama kitu cha ajabu. Lazima niyafunike?

Si lazima. Wamakonde na baadhi ya makabila ya Kongo walichonga. Wazee wa Kijaluo waling'olewa sita ya chini, Wamasai mawili, na Wadinka na Wanuer nao waling'oa ya chini. Daktari anayo haki ya kuangalia kama kiini cha jino kimefichuka au kama taya linaumia. Hana haki ya kuita wanafunzi waje kutazama bila ruhusa yako, wala kupiga picha.

Nchi hii ina deni kwenye jambo hili. Ota Benga, kijana Mmbuti kutoka Kongo ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliletwa maonyesho ya St. Louis mwaka 1904, na watu walilipa senti tano kuona meno yake yaliyochongwa. Septemba 1906 aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx. Wachungaji weusi wa New York walipiga kelele hadi akatolewa. Baadaye, huko Lynchburg, Virginia, meno yake yalivikwa kofia ili afanane na watu. Mwaka 1916 alijiua, na inasimuliwa kwamba kabla ya hapo alizing'oa kofia zile. Taasisi inayoendesha bustani hiyo iliomba radhi mwaka 2020.

Basi ukitaka kuyafunika au kupandikiza, fanya kwa sababu umependa wewe.

Mtoto wangu hana chonge. Alitolewa "meno ya plastiki" akiwa mchanga. Nitashtakiwa?

Eleza ukweli mapema: lilifanyika wapi, lini, na nani. Daktari asiyejua mila hii ya kuchimbua chonge changa kwenye fizi za mtoto mchanga, akikuta pengo bila maelezo anaweza kudhani mtoto aliteswa, na kisheria analazimika kutoa taarifa. Lakini hapa sitailaumu Marekani peke yake. Kukwangua fizi za mtoto mwenye homa na kuhara hakutibu kitu. Kunaleta maambukizi, na kumeua watoto. Ukiambiwa na yeyote kwenye jumuiya kwamba yupo anayefanya hapa, mkatae.

Ni weusi tu wanaobaguliwa kwenye meno?

La. Watoto wa wenyeji asili wa Marekani ndio wanaoongoza kwa kuoza meno wangali wadogo, kwa kiwango ambacho ni mara kadhaa ya watoto weupe. Alaska kuna vijiji visivyofikika kwa barabara ambako daktari wa meno alikuja kwa ndege mara moja moja. Wenyeji waliamua kupeleka vijana wao New Zealand wakasomee utabibu wa meno, kazi ambayo nchi hiyo imekuwa nayo tangu 1921: kuziba, kung'oa yaliyo mepesi, kufundisha watoto. Walipoanza kazi nyumbani, ADA na chama cha Alaska waliwashtaki mwaka 2006, wakidai usalama wa wagonjwa. Walishindwa mwaka 2007.

Mtanzania akisikia kisa hiki hushangaa kwa nini kulikuwa na ugomvi. Tabibu meno ni mtu wa kawaida kwenye hospitali zetu za wilaya. Kwa maoni yangu chama kilikuwa kinalinda soko, na soko lenyewe hakikuwa kimewahi kulihudumia.

Naweza kumtumia mwanangu anitafsirie?

Usimtumie. Kliniki inayopokea Medicaid au fedha nyingine ya serikali kuu inapaswa kukupa mkalimani bila malipo, hata kwa simu. Amri ya rais ya Machi 2025 iliyokifanya Kiingereza lugha rasmi haikuifuta sheria hiyo. Sema: "Swahili interpreter, please." Kama ni Kinyarwanda, Kirundi au Kibembe unachokielewa vizuri zaidi, taja hicho, usikubali Kiswahili kwa aibu.

Sina bima kabisa. Niende wapi?

Tafuta kituo cha afya cha jamii kinachofadhiliwa na serikali kuu. Kinatoza kulingana na kipato, nenda na karatasi za mshahara. Si vyote vina meno, piga simu kwanza. Shule za udaktari wa meno nazo huwa na kliniki nafuu. Utakaa kwenye kiti saa tatu kwa kazi ya saa moja, lakini kila hatua inakaguliwa na mwalimu, na huko kuokoa jino ndiko wanafunzi wanakotaka kujifunza.

Mimi ni mkimbizi. Kadi yangu ya Medicaid itaendelea?

Angalia hali yako ya ukaazi. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 inasema kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026 wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao hawajapata ukaazi wa kudumu hawatalipiwa Medicaid ya kawaida kwa fedha ya serikali kuu. Mkimbizi anaweza kuomba ukaazi akishatimiza mwaka mmoja nchini. Usiache miezi ipite. Meno yanayohitaji kazi, yafanyiwe kazi kadi ingali hai. Majimbo mengine yana mipango yake, hasa kwa watoto na wajawazito, kwa hiyo muulize anayesimamia kesi yako kwenye shirika.

Nimebaguliwa. Nalalamika kwa nani?

Anza kwa kuomba nakala ya faili lako na eksirei zako. Ni haki yako, na mara nyingi maandishi yatakuonyesha ulichopewa na ulichonyimwa. Pata maoni ya daktari wa pili ukiweza. Malalamiko ya ubaguzi wa rangi, asili au lugha hupelekwa Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Afya ya Marekani, ndani ya siku 180 tangu tukio, bila wakili na bila malipo. Kazi mbovu ya kitaalamu, kwa mfano kung'olewa jino zima badala ya bovu, hupelekwa bodi ya leseni ya jimbo. Andika tarehe, jina la aliyekuhudumia, maneno aliyosema, na kama ulimwomba mkalimani ukanyimwa. Andika jioni ile ile, hata kwa Kiswahili, kutafsiri kutafuata.